Fuvu la Olduvai na Kipindi cha Dini

Mtu atokaye Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, akapita Uhindini kuelekea baharini, hufika Makumbusho ya Taifa kwa miguu kabla ya saa moja kwisha. Humo limehifadhiwa fuvu aliloliona Bibi Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Wajuzi walikadiria umri wake kuwa miaka 1,750,000 hivi, wakaliita Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinji, kwa jina la kale la pwani yetu. Lilikaa Nairobi hata mwaka 1965, ndipo likaletwa Dar es Salaam.

Siku moja tuliwapeleka wanafunzi kulitazama. Mmoja wao akatuuliza, "Mwalimu, katika historia twaandika ya kuwa mtu alitokana na sokwe, na katika kipindi cha dini twaandika ya kuwa Mungu alimfanya kwa mavumbi. Baba akiniuliza, nijibu lipi?" Tukanyamaza, na kunyamaza kule hakukutupa raha.

Kwa miaka mingi vitabu vya historia vya kidato cha kwanza vimeeleza jinsi mwili wa mtu ulivyobadilika. Kisha huja mwalimu wa dini, akasoma Mwanzo. Hakuna amzuiaye mwenziwe, wala hakuna azungumzaye na mwenziwe. Mtoto naye humpa kila mmoja jawabu alipendalo, apate maksi. Hilo latutia hofu kuliko mafuvu yote, maana twamzoeza kuandika asilolisadiki.

Wengine walitaka kulimaliza jambo kwa amri. Mwaka 1925, huko Dayton, Tennessee, katika Marekani, mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha habari hizi, akatozwa faini ya dola 100. Hukumu ilitanguliwa mwaka 1927, lakini sheria yenyewe ilidumu hata 1967. Jirani zetu wa Kenya nao walikuwa na shauri lao. Mwaka 1984 Bwana Kamoya Kimeu aliona mifupa ya kijana karibu na ziwa Turkana, nayo ni ya miaka kama 1,600,000. Mwaka 2006, Makumbusho ya Nairobi yakiwa yamefungwa kwa matengenezo, baadhi ya viongozi wa makanisa, Askofu Boniface Adoyo akiwa mbele yao, walitaka mifupa ile isipewe mahali pa mbele. Richard Leakey, mwana wa Bibi Mary, aliwapinga. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008, na kijana yule yumo.

Hatuwacheki maaskofu wale. Waliogopa watoto wasije wakaambiwa ya kuwa hawana Muumba. Lakini mfupa ukifichwa, swali la mtoto labaki palepale. Tena si haki kudhani ya kuwa mifupa hii ililetwa na adui wa Injili: Louis Leakey, mume wa Bibi Mary, alizaliwa Kabete mwaka 1903 katika nyumba ya wamisionari, na baba yake, Kanoni Harry Leakey, alishiriki kuitia Biblia katika Kikikuyu.

Juma lililofuata tulimwita mwanafunzi yule. Tukamwambia kwanza ya kuwa swali lake lilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa letu sisi walimu. Wajuzi hawasemi mtu alizaliwa na sokwe wa leo. Wasema mtu na sokwe wana asili moja ya zamani mno. Wala Zinji si babu yetu. Hapo kwanza alidhaniwa hivyo, kisha mifupa mingine ya Olduvai, iliyopewa jina mwaka 1964, ikawaonyesha ya kuwa yeye ni wa tawi jingine lililokoma. Tukamwambia pia ya kuwa mifupa yaweza kutuonyesha mwili ulikuwaje, lakini haiwezi kutuambia ni nani aliyetaka tuwepo.

Akafikiri kidogo, akauliza, "Basi Adamu aliishi kabla ya Zinji au baada yake?" Tukamjibu ya kuwa Wakristo wenyewe hawajapatana juu ya hilo, na ya kuwa baba yake akimwuliza, amweleze vivyo hivyo.