Alama Zinazotunza Sauti: Kutoka HTML hadi Gisozi

Tunapotaja lugha za kuweka alama, wanafunzi wetu wengi hudhani tunazungumzia lugha ya ishara ya viziwi. Tunachokusudia hapa ni alama zinazowekwa ndani ya maandishi ili kompyuta itambue kichwa cha habari, aya, na lugha iliyotumika. Wazo lenyewe si geni kwetu. Wanakili wa tenzi wa pwani, walioandika kwa hati za Kiarabu, walitenganisha vipande vya ubeti kwa alama ili msomaji asipotee.

Lugha ya SGML ilifanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1986. Tim Berners-Lee, akiwa CERN karibu na Geneva, alichota humo alipobuni HTML, na mwaka 1991 wavuti ikafunguliwa kwa umma. HTML 4.0 ya Desemba 1997 iliruhusu kila kipande cha maandishi kitaje lugha yake: sw kwa Kiswahili, rw kwa Kinyarwanda. Kisha zikaenea kurasa za Flash zenye picha zinazocheza. Zilipendeza macho, lakini mitambo ya kutafuta ilipata taabu kusoma yaliyomo. Flash iliagwa mwishoni mwa 2020. HTML5, iliyoidhinishwa Oktoba 2014, ilizipa video na sauti alama zake zenyewe.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi walimu wa lugha? Tutazame Gisozi, Kigali. Kituo cha kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kilifunguliwa hapo mwaka 2004, na zaidi ya watu 250,000 wamezikwa humo. Desemba 2010 ilizinduliwa hifadhi ya kidijitali yenye shuhuda za manusura, picha na nyaraka.

Ushuhuda wa video hupatikana kwa urahisi pale tu maelezo yake yanapoandikwa vema: mahali, tarehe, lugha. Hapo ndipo penye mtego. Mwaka 2006 Rwanda ilibadilisha majina mengi ya mahali. Mji wa Butare ukaitwa Huye, Ruhengeri ikawa Musanze. Manusura anasimulia ya Butare. Kijana aliyezaliwa baadaye anatafuta Huye. Ikiwa alama haikuunganisha majina hayo mawili, sauti ile ipo lakini haisikiki.

Vivyo hivyo, tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, yupo atakayetafuta "mauaji ya kimbari", mwingine "mauaji ya halaiki", na mwingine "jenoside" kama isemwavyo kwa Kinyarwanda. Fundi wa kompyuta anaweza kuweka alama. Kuamua maneno yapi ni visawe na yapi yanapotosha ni kazi ya mwanaisimu.

Kwa hiyo tunapendekeza somo la leksikografia lisiishie kwenye kamusi ya kitabu. Mwanafunzi apewe ushuhuda mmoja, auandikie maelezo kwa Kiswahili na Kinyarwanda, kisha mwenzake ajaribu kuutafuta. Asipoupata, wote wawili watakuwa wamejifunza.