Kwa nini kampuni kubwa hazina budi kuwa na kurasa rasmi mitandaoni

KAMPUNI kubwa isiyokuwa na ukurasa rasmi katika mitandao ya kijamii haikosi kusemwa huko. Husemewa na wengine, na mara nyingi anayeisemea ni tapeli.

Hasara ya hali hiyo huonekana wazi mashambani. Katika eneo bunge la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, linalopakana na Kaunti ya Trans Nzoia, wakazi wengi hutegemea kilimo cha mahindi. Makao makuu ya mashirika yanayowauzia mbegu, umeme na huduma za simu yako Kitale au Nairobi. Mkulima wa Naitiri au Ndalu hawezi kuabiri matatu kila anapotaka kujua iwapo tangazo alilotumiwa kwa WhatsApp ni la kweli.

Mbegu na mbolea

Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka wa 1956, na tangu miaka ya 1960 imekuwa ikiuza mbegu za mahindi chotara. Jina linaloaminika kiasi hicho huwavutia pia wanaoghushi. Aina za mahindi zinazopandwa nyanda za juu huchukua miezi sita hadi minane kukomaa. Hivyo, anayeuziwa mbegu bandia mwezi Machi hugundua mvua ya kupandia ikiwa imempita. Anachopoteza ni chakula cha mwaka mzima pamoja na karo ya watoto.

Kinga ipo. Pakiti ya mbegu iliyoidhinishwa huwa na kibandiko cha shirika la KEPHIS. Mkulima hukwaruza kibandiko hicho na kutuma nambari iliyofichwa kwa 1393 ili kujua kama mbegu ni halali. Hata hivyo, kinga isiyojulikana haimkingi mtu. Ukurasa rasmi wa kampuni ndio mahali pa kuonyesha picha ya kibandiko hicho, kwa Kiswahili chepesi, kabla ya msimu kuanza.

Vivyo hivyo kuhusu mbolea. Mapema mwaka wa 2024 ilibainika kwamba bidhaa zisizofikia viwango zilikuwa zimeuziwa wakulima nchini kama mbolea ya ruzuku, na Serikali ikaahidi kuwafidia walioathiriwa. Nyakati kama hizo maswali ya mkulima huwa ya dharura: Ni mifuko ipi yenye kasoro? Irejeshwe wapi? Fidia itatolewa vipi? Muuzaji asipojibu kwa jina lake mwenyewe, uvumi hujibu kwa niaba yake.

Pesa na umeme

Tangu Safaricom ilipozindua M-Pesa mwaka wa 2007, simu imekuwa mkoba wa mwananchi. Matapeli nao hufungua kurasa zenye majina na rangi za kampuni zinazojulikana, huwavizia wateja wanaolalamika hadharani, kisha hujifanya wahudumu na kuomba nambari ya siri. Safaricom imewatahadharisha wateja mara nyingi kwamba huwapigia kwa 0722 000 000 pekee, na kwamba jumbe za ulaghai zitumwe kwa 333. Mitandaoni, tahadhari ya aina hiyo hufaa iwapo mteja anaujua ukurasa halisi wa anayeitoa.

Aidha, umeme ulipopotea karibu kote nchini usiku wa Agosti 25, 2023, giza hilo liliendelea kwa saa nyingi. Katika hali kama hiyo gazeti la kesho huwa limechelewa. Taarifa fupi inayosema kilichoharibika na hatua iliyofikiwa humsaidia mwenye duka la maziwa na mwenye kinu cha kusaga unga kupanga kazi yake.

Funzo kutoka Marekani

Mnamo Aprili 2009, wafanyakazi wawili wa mkahawa wa Domino's Pizza walisambaza video iliyowaonyesha wakichafua chakula. Kampuni hiyo haikuwa na akaunti rasmi ya Twitter, na ililazimika kuifungua moto ukiwa tayari umewaka.

Novemba 2022, mtu alitumia jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly katika akaunti yenye alama ya bluu ya kulipiwa, akatangaza kwamba insulini ingetolewa bila malipo. Kampuni ilikanusha kupitia akaunti yake halisi, lakini siku iliyofuata bei ya hisa zake ilishuka. Kisa hicho chaonyesha kwamba alama ya bluu pekee si ithibati.

Ukurasa rasmi huwaje?

Kwanza, jina la ukurasa lichapishwe kwenye tovuti, risiti na vifungashio vya kampuni, ili mteja aweze kulinganisha. Pili, pawe na wahudumu wanaojibu, kwani ukurasa uliotelekezwa huwaachia matapeli nafasi ileile. Tatu, lugha iwe ile inayoeleweka na wateja. Nne, mteja asiulizwe kamwe nambari ya siri, na mambo ya akaunti yake yasijadiliwe hadharani. Tano, funguo za ukurasa ziwe mikononi mwa kampuni, si za mfanyakazi mmoja anayeweza kuondoka nazo.

Baadhi ya wakurugenzi huhofia kwamba ukurasa huo utawaalika watu kutukana. Ukweli ni kwamba malalamiko yapo hata pasipo ukurasa. Tofauti ni kama kampuni itayasikia. Isitoshe, si kila mkulima ana simu yenye intaneti. Kwa hiyo, yanayoandikwa mtandaoni sharti yaafikiane na yanayotangazwa redioni, yanayotumwa kwa ujumbe mfupi na yanayosemwa na ajenti kijijini.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika simu njia hiyo imerefuka, na huendelea hadi mahali ambapo mwenye jina anajitokeza na kusema: haya si maneno yangu. Kampuni isiyo na mahali panapojulikana pa kuyasemea hayo humwacha mteja wake wa Tongaren alipe gharama ya kimya hicho.