Ukimya wa nusu sekunde

Huku Uingereza tuko salama, ila baridi inatutesa kama kawaida. Siku nyingi sijaandika, mnisamehe. Leo nataka kuongelea habari zinavyochelewa njiani, maana kuna deni la zamani nataka kulilipa.

Zamani habari ilikwenda kwa mwendo wa aliyeibeba. Majahazi ya Uarabuni yalishuka pwani yetu na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakarudi na kusi. Barua ikikosa upepo ilingoja msimu. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Alizikwa London tarehe 18 Aprili. Msiba wa karibu mwaka mzima!

Tarehe 22 Januari 1879 Wazulu waliwapiga Waingereza pale Isandlwana. London walipata habari tarehe 11 Februari, kwa sababu waya wa simu ulikuwa haujafika Afrika Kusini. Mwaka huohuo waya ukalazwa chini ya bahari kutoka Aden, ukapitia Unguja hadi Durban. Lakini waya uliishia mjini. Vita Kuu ilipokwisha tarehe 11 Novemba 1918, jeshi la Lettow-Vorbeck lilikuwa porini, halina habari. Tarehe 13 likaiteka Kasama, siku mbili baada ya amani. Silaha ziliwekwa chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25.

Sasa nije kwangu. Mnakumbuka enzi za kadi za simu za kukwangua? Sauti ilipanda hadi kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu, ikashuka tena. Hiyo ni robo sekunde kwenda na robo sekunde kurudi. Mkiwa uso kwa uso, mtu hujibu haraka kuliko hapo, kwa hiyo nusu sekunde masikioni ni kama mtu anasita.

Mwaka 2004 mama aliniuliza kama nitaweza kumlipia mdogo wangu ada. Nilijibu "ndiyo mama" palepale. Yeye akasikia kimya, akaanza: "Basi mwanangu, kama huna usijali." Sauti zikagongana, kadi ikaisha. Hela nilituma, lakini nilikuja kusikia kwamba nyumbani ilisemwa nilisita, kwamba Ulaya imenibadilisha. Iliniuma, na sikujua nijitetee vipi.

Mwaka 2009 mikonga ya baharini ikafika Mombasa na Dar es Salaam. Mwanga unapita humo kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya London hadi Dar haimalizi hata sehemu ya kumi ya sekunde. Siku hizi mama ananikatiza kama vile nimekaa naye jikoni!

Basi jamani, wale mliosikia kwamba nilisita, jueni sikusita. Jibu lilikuwa njiani. Na nyinyi mkimpigia mtu wa mbali akanyamaza kidogo, msimhukumu. Hesabuni kwanza moja, mbili, tatu.

Mama, nisomewe hii tafadhali, na shikamoo sana. Wengine wote nawasalimu. Tutaonana panapo majaliwa.