Mali bila daftari: jinsi kompyuta zilivyojifunza kuamka baada ya stima kupotea

Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kule mto Tana, akaanguka juu ya transfoma. Transfoma ikazima, mitambo mingine ikalemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikabaki bila stima. Si uvumi wa mtandaoni huo, KenGen wenyewe ndio walitoa taarifa. Tumbili akapona, KWS wakamchukua. Sisi tukacheka, tukatengeneza meme, maisha yakasonga.

Lakini hebu fikiria kompyuta zote zilizokuwa zikiandika kitu dakika ile. Cyber za Kakamega zilizokuwa katikati ya kuchapa CV ya mtu. Ofisi, hospitali, studio, hosteli za Lurambi. Zile zisizokuwa na UPS hazikupewa hata sekunde moja ya kuaga. Na bado stima iliporudi, nyingi ziliwaka zikaendelea na kazi. Watu wakaona ni kawaida tu.

Si kawaida. Kuna watu walikaa chini miaka mingi wakatafuta jibu la swali moja: mashine ikianguka katikati ya kazi, ikiamka itajuaje ilikuwa imefika wapi? Nataka tuongelee historia ya jibu hilo, kwa sababu ukiielewa hutakubali tena mtu akuambie "hii machine imekufa, wacha niformati tu."

Kusevu si tendo moja

Ukibonyeza kusevu, unadhani umefanya kitu kimoja. Ndani ya diski mambo ni mengi. Mashine inatafuta nafasi tupu na kuandika yaliyomo. Inaenda kwenye ramani ya diski na kuweka alama kwamba nafasi hiyo imechukuliwa. Inaandika kadi ya faili: ukubwa wake, mwenyewe nani, vipande vyake viko wapi. Halafu inaandika jina la faili ndani ya folda. Hayo yote yako sehemu tofauti za diski, na hayawezi kuandikwa kwa pigo moja.

Sasa stima ipotee katikati. Unaweza kubaki na jina lisilo na mwili. Ama mwili usio na jina. Mbaya zaidi, ramani inaweza kusema nafasi fulani ni tupu kumbe kuna faili pale, kisha faili nyingine ije iandikwe juu yake. Hapo faili mbili zinagombania shamba moja, na kama kawaida ya kesi za shamba, mmoja lazima aumie.

Enzi za kusubiri

Miaka ya 1970, watu wa Unix pale Bell Labs walikuwa na vijiprogramu kadhaa vya kukagua diski, kila kimoja na kazi yake. Ted Kowalski akaandika programu moja ya kukagua na kurekebisha kila kitu: fsck. Inapita diski yote, inalinganisha ramani na kadi, kadi na folda, na ikikuta kitu hakina mwenyewe inakitupa kwenye folda inayoitwa lost+found. Hiyo folda iko hadi leo. Ukiwa na Linux, nenda uangalie.

fsck ilifanya kazi vizuri, ila ilikuwa na shida moja: haikujua mashine ilikuwa inafanya nini kabla ya kuanguka. Kwa hivyo ilibidi ipekue diski nzima, kama askari anayepekua kila nyumba ya mtaa kwa sababu ya kuku mmoja aliyeibiwa. Diski zikiwa ndogo, sawa. Zilipokua, kupekua kukawa ni kusubiri dakika nyingi, na kwenye seva kubwa, masaa. ext2, mfumo wa faili ambao Rémy Card aliutengenezea Linux mwaka 1993, ulikuwa wa aina hiyo. Stima ikikatika, unawasha, unaenda kunywa chai, unarudi, bado iko palepale.

Jibu lilikuwa dukani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama wa duka pale mtaani anaijua hiyo methali kwa mikono yake. Kabla hajakupa sukari ya deni, anaandika: fulani, kilo moja, tarehe. Kisha ndio anapima. Hata akiitwa nje ghafla, akirudi anasoma mstari wa mwisho na anajua biashara ilisimama wapi. Hahesabu duka lote upya.

Mfumo wa faili wenye daftari hufanya hivyo hivyo. Kabla ya kugusa ramani, kadi na folda, unaandika kwenye sehemu maalum ya diski: "nataka kubadilisha hiki, hiki na hiki." Ukimaliza kuandika nia yote, unaweka alama ya kufunga. Baada ya hapo ndio mabadiliko yanapelekwa mahali pake halisi. Mashine ikianguka, ikiamka inasoma daftari peke yake. Nia yenye alama ya kufunga inatekelezwa upya, na isiyo na alama inaachwa kana kwamba haikuwahi kuwepo. Hata kama kitu kilikuwa kimeshapelekwa nusu, kurudia hakuharibu, kwa sababu daftari linasema "weka hiki pale", halisemi "ongeza". Kazi ya masaa inakuwa ya sekunde.

Wazo hili lilitoka upande wa hifadhidata. Miaka ya 1970, Jim Gray na wenzake pale IBM walikuwa wanafikiria jinsi ya kuhakikisha muamala unakamilika wote au haukamiliki kabisa. Ukituma pesa, haiwezekani itoke kwako isifike kule ikabaki hewani. Mwaka 1987, Robert Hagmann wa Xerox akaeleza jinsi alivyolipeleka wazo hilo kwenye mfumo wa faili uitwao Cedar. IBM wakaja na JFS mwaka 1990, Microsoft na NTFS mwaka 1993, Silicon Graphics na XFS mwaka 1994.

Angalia hiyo orodha. Karibu zote ni kampuni kubwa, mashine za bei. Mtu wa kawaida wa Linux alikuwa bado anasubiri fsck.

Mwaka 1998, Stephen Tweedie aliwasilisha andiko lake la jinsi ya kuongeza daftari kwenye ext2. Mwanzoni mwa 2001, ReiserFS ilikuwa ya kwanza ya aina hii kuingia kwenye keneli rasmi ya Linux, na mwezi Novemba mwaka huohuo kazi ya Tweedie ikaingia kwa jina la ext3. Ninachompendea Tweedie ni hiki: hakujenga nyumba mpya. ext3 ilikuwa ext2 ileile na daftari juu yake. Ulihitaji amri moja tu, bila kufuta kitu, bila kununua diski ya pili ya kuhamishia vitu vyako. Kwa mtu aliye na diski moja tu maishani, hiyo ni heshima. ext4 ikafuata mwishoni mwa 2008, na simu za Android zikaanza kuitumia. Kwa hivyo inawezekana kabisa daftari la Tweedie liko mfukoni mwako saa hii.

Daftari linalinda duka, si sukari yako

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mifumo mingi ya aina hii huandika kwenye daftari mabadiliko ya ramani, kadi na folda tu, si yaliyomo ndani ya faili. Kuandika kila kitu mara mbili kungeifanya mashine iwe kobe. Yaani baada ya kuanguka, mfumo utakuwa sawa, lakini insha yako inaweza kuwa haiko.

Mwaka 2009 hii ilizua zogo. Watu waliokuwa wakijaribu ext4 mapema kwenye Ubuntu waliona mashine ikianguka, wanawasha, faili zipo na majina yake yote, ila ukubwa ni sufuri. ext4 ilikuwa inachelewesha kuamua yaliyomo yaandikwe wapi, ili ifanye kazi haraka, na programu nyingi zilikuwa zimezoea ext3 iliyokuwa ikisukuma data kila baada ya sekunde tano hivi. Theodore Ts'o, aliyekuwa akiisimamia ext4, alieleza kwamba programu inayotaka uhakika lazima iombe data ishushwe kwenye diski, amri inaitwa fsync. Watu wakamjia juu. Mwishowe aliongeza marekebisho ya kuzilinda programu zisizoomba, lakini msimamo wake ulikuwa sahihi: ahadi ambayo haikutolewa, usiidai.

Kuna jambo la pili. Diski nyingi husema "nimeandika" kumbe data bado iko kwenye kumbukumbu yake ya muda. Mfumo wa faili ukiamini uongo huo, alama ya kufunga inaweza kutangulia nia yenyewe. ext4 huilazimisha diski ishushe data kabla ya kuendelea, ndiyo maana usizime hiyo kinga eti upate spidi.

La tatu, flashi yako. Flashi nyingi huja na FAT32 au exFAT, na hizo hazina daftari la namna hii. Kuchomoa flashi kabla ya kuiaga ni kuwa tumbili wa Gitaru kwa hiari yako.

Ikikukuta

Kwetu Kakamega mvua ya alasiri huja na radi, stima huenda na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja. Kwa hivyo siku moja itakukuta. Ikikukuta, fuata mpangilio.

Kwanza, acha kuandika chochote kwenye hiyo diski. Usiinstoli kitu, usidownload "programu ya kurudisha faili" ndani ya diski ileile unayotaka kuiokoa.

Pili, jiulize kama diski yenyewe ni mzima. Ikigonga-gonga, au smartctl ikionyesha makosa, shida si mfumo wa faili. Tumia ddrescue kunakili diski yote kwenda nyingine, kisha fanyia kazi nakala. Mgonjwa mahututi hatimuliwi mbio.

Tatu, kama diski ni nzima, wacha daftari lifanye kazi yake. Mara nyingi kuwasha tu kunatosha. Ukitaka kuchungulia ext4 bila kugusa kitu, kufungua kwa kusoma tu hakutoshi, maana bado itarudia daftari. Ongeza chaguo la noload.

Nne, likishindwa, ndio uite fsck, na diski iwe haijafunguliwa. Anza na e2fsck -n, inayosoma na kukuambia makosa bila kurekebisha. Ikisema ukurasa mkuu wa diski umeharibika, usilie: ext huweka nakala zake sehemu kadhaa. mke2fs -n itakuonyesha ziko wapi, na hiyo -n usiisahau, maana bila yake unaformati. Kwenye diski nyingi nakala ya kwanza iko namba 32768, unaipa e2fsck kwa -b. Kwa XFS, jaribu kuifungua kwanza ili daftari lirudiwe. xfs_repair -L hulichana daftari kabisa, hiyo ni ya mwisho wa mwisho. Kwa Windows kuna chkdsk, lakini nakili vitu muhimu kwanza.

Tano, angalia lost+found. Majina yatakuwa namba tupu, lakini ndani kunaweza kuwa na picha zako. Na hata ramani ikiwa imekwisha kabisa, PhotoRec husoma diski moja kwa moja ikitafuta sura za picha na video.

Kuformati haiko kwenye orodha hiyo. Inakuja baada ya kuokoa, si kabla.

Kwa nini nasumbuka na hii maneno

Mwaka 2014, UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Leo nani anairekodi isukuti? Si serikali peke yake. Ni vijana wenye kamera, kwenye harusi na matanga, na video ziko kwenye kompyuta moja ya studio, diski moja, bila UPS. Mzee aliyepiga ngoma ile anaweza kuwa ameshatuacha. Hiyo faili haidownloadiki tena popote.

Halafu mashine inaanguka, na mtu anaambiwa "format". Fundi halipwi kwa masaa ya kusubiri ddrescue, anaelewa ukiamka na Windows mpya umefurahi. Simlaumu sana. Lakini wewe mwenye mali ndiye wa kusema: nakili kwanza, nitalipia muda wako. Na wewe fundi kijana, jifunze hizi amri. Kuna pesa kwa mtu anayerudisha kumbukumbu za familia, na kuna heshima kuliko pesa.

Waliobuni daftari hawakuahidi dunia ambayo stima haipotei. Walikubali itapotea, wakajipanga. Sisi pia tujipange: UPS ndogo kama unaweza, na nakala ya pili ya kila kitu usichoweza kukipata tena, iwe nje ya hiyo mashine. Daftari litaokoa duka. Sukari uiweke mahali pawili.