Bodi ya pili ya kamera kwa picha za wadudu: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Kiwavijeshi vamizi, mdudu aliyeripotiwa kwa mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2016 kabla ya kuenea katika mashamba ya mahindi ya Afrika Mashariki, hutambulika kwa alama ndogo sana: mstari hafifu wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia. Picha isiyoonyesha alama hizo haimfai mtaalamu wa kilimo aliyeombwa ushauri akiwa mbali, na mkulima anaweza kuishia kununua dawa isiyohitajika.

Kwa anayepiga picha za namna hiyo mara kwa mara, kamera moja huwa haitoshi. Kubadilisha lenzi shambani huingiza vumbi ndani ya kamera, na mdudu naye hangoji. Bodi ya pili, yaani kamera yenyewe bila lenzi, huachiwa lenzi ya makro muda wote, na huwa akiba iwapo ya kwanza itaharibika. Je, ni ipi inayofaa kwa bei nafuu?

Anza na lenzi uliyo nayo

Lenzi ndiyo inayoamua. Lenzi za Canon za aina ya EF, zilizoanza mwaka 1987, hukaa kwenye kamera zote za EOS zenye kioo cha ndani zinazotumia lenzi zinazobadilishwa. Lenzi za EF-S, zilizoanza mwaka 2003, ikiwamo ya makro ya milimita 60, hukaa tu kwenye bodi zenye kihisi kidogo.

Kwa Nikon, bodi za bei ya chini kama D3400 na D5300 hazina mota ya ndani ya kuendesha fokasi ya lenzi za zamani za AF na AF-D. Bodi za D7100 na D7200 zinayo. Hata hivyo, upungufu huo si mkubwa kwa picha za makro, kwa kuwa wapigaji wengi hurekebisha fokasi kwa mkono.

Kihisi kidogo si hasara

Wengi hudhani kwamba kamera ghali yenye kihisi kikubwa hutoa picha bora daima. Kwa makro, hesabu ni tofauti. Lenzi inapofikia uwiano wa 1:1, kitu cha milimita 3 huchukua milimita 3 za kihisi, kiwe kikubwa au kidogo. Canon 600D ya mwaka 2011, yenye kihisi cha upana wa takriban milimita 22, hukipa kitu hicho karibu pikseli 700 kwa upana. Canon 6D ya mwaka 2012, yenye kihisi cha takriban milimita 36, hukipa karibu pikseli 460. Kihisi kikubwa hubaki na faida yake mahali penye giza, lakini si katika ukubwa wa mdudu pichani.

Skrini na flashi

Mdudu akiwa chini ya jani, mpigaji hawezi daima kuweka jicho kwenye kitundu cha kuchungulia. Skrini inayogeuka, kama ya Canon 600D, 700D, 60D na 70D au Nikon D5300, humwepusha kulala kifudifudi. Aidha, picha inayoonekana kwenye skrini huweza kukuzwa ili kuhakikisha fokasi kabla ya kupiga.

Mwanga ndio mtihani mkubwa zaidi. Kwa kawaida, katika uwiano wa 1:1, tundu la lenzi lililowekwa f/16 hufanya kazi kama f/32, na mwanga unaofika hubaki robo. Flashi basi ni lazima. Mnunuzi ajihadhari na Canon 250D ya mwaka 2019: kishikio chake cha flashi hakina kituo cha katikati, hivyo flashi nyingi za bei nafuu za kampuni nyingine hazilipuki zikiwekwa juu yake.

Kuikagua iliyotumika

Kwanza, ulizia idadi ya picha zilizokwisha kupigwa. Shata ya Canon 600D ilikadiriwa na kiwanda kudumu kwa takriban picha 100,000. Pili, weka tundu la lenzi f/16 na upige picha ya karatasi nyeupe: madoa meusi yanaweza kuwa vumbi juu ya kihisi. Tatu, geuza skrini pande zote, kwa sababu bawaba yake huchakaa. Nne, pachika flashi na uone kama inawaka.

Angalia pia betri. Canon 60D, 70D na 6D hutumia betri za aina moja, LP-E6. Mwenye mojawapo akinunua nyingine, chaja moja humtosha. 600D na 700D nazo hushirikiana betri ya LP-E8.

Kwa bajeti ndogo, bodi ya zamani inayopokea lenzi uliyo nayo, yenye skrini inayogeuka na kishikio cha flashi kinachofanya kazi, inatosha. Fedha inayobaki inunue flashi na kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga wake, ili madoa yale manne yaonekane bila kumezwa na mng'ao.