Sheikh Mahmud Shaltut, Mwanasheria Aliyeiongoza Al-Azhar

Katika wanavyuoni wa karne ya 20, Sheikh Mahmud Shaltut ana daraja isiyosahaulika. Alizaliwa mwaka 1893 katika jimbo la Buheira, Misri, akasoma Alexandria hata akahitimu mwaka 1918. Mwaka 1927 aliitwa Cairo kufundisha katika Al-Azhar.

Zama zile Sheikh Mustafa al-Maraghi alitaka chuo hicho kitengenezwe upya, na Shaltut akamuunga mkono waziwazi. Al-Maraghi alijiuzulu mwaka 1929. Mwaka 1931 Shaltut naye akafukuzwa kazi. Hakuligeuza neno lake. Alifanya uwakili katika mahakama za sharia mpaka aliporudishwa mwaka 1935. Miaka miwili baadaye aliiwakilisha Al-Azhar katika mkutano wa sheria mjini The Hague, akaeleza dhima ya madai na ya jinai katika sharia ya Kiislamu.

Mwaka 1958 akawa Sheikh wa Al-Azhar. Mwaka 1959 alitoa fatwa kwamba yafaa kuabudu kwa madhehebu ya Jaafari kama yafaavyo madhehebu ya Kisunni. Sheria ya mwaka 1961 ilileta masomo ya utabibu, uhandisi na kilimo, na wanawake nao wakapata nafasi. Lakini sheria hiyo hiyo iliiweka Al-Azhar chini ya Urais wa Jamhuri. Milango ilizidi, uhuru ukapungua.

Alifariki Desemba 1963. Aliyefukuzwa kwa kutaka matengenezo ndiye aliyekuja kuyasimamia, akaonja utamu wake na uchungu wake. Mwenyezi Mungu amrehemu.