Alkoholi Isiyolevya: Kutoka Kichwa cha Nyangumi Mpaka Mzinga wa Itigi



Geuza kopo la losheni au la dawa ya kulainisha nywele, usome maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi utakuta neno alkoholi. Usidhani umejipaka gongo! Hii ni alkoholi ya mafuta: nyeupe, ngumu kama nta, wala hailevyi. Kazi yake ni kushikanisha maji na mafuta visitengane, na kuiacha ngozi laini.

Je, ilitoka wapi? Mfaransa Michel Chevreul, aliyechapisha kitabu cha uchunguzi wake wa mafuta mwaka 1823, aliipata katika mafuta magumu ya kichwani mwa nyangumi. Aliyachemsha pamoja na magadi makali, kama mtu apikaye sabuni. Nyangumi waliwindwa mno, hata mwaka 1986 marufuku ya kimataifa ya kuwavua kwa biashara ikaanza kutumika. Siku hizi viwanda huitengeneza zaidi kwa mafuta ya mawese na ya nazi, na vingine kwa mafuta ya petroli.

Sasa sikiliza linalotuhusu sisi. Mwaka 1848 Mwingereza Benjamin Brodie aliichunguza nta ya nyuki, akakuta ndani yake alkoholi za ukoo huo huo. Kumbe nyuki wa Itigi na Kondoa ni mafundi wa siku nyingi! Nta ya nchi yetu ilisafirishwa ng'ambo tangu enzi za Mjerumani. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, mzigo ukapata njia nyepesi ya kwenda pwani.

Lakini ni wangapi wanaokamua asali, au kupika pombe yake, kisha masega wakayatupa jalalani? Huko ni kutupa fedha, ndugu yangu.

Fanya hivi. Chemsha masega ndani ya maji kwa moto mdogo. Chuja kwa kitambaa safi, uache yapoe. Nta itaelea na kuganda juu. Kwangua uchafu wa chini yake. Usiiyeyushe bila maji, maana hushika moto.

Nta haiozi. Ihifadhi, kusanyeni na wenzako, mkauze kwa pamoja. Na bei ya mlanguzi wa kwanza usiikubali kabla hujaulizia kwingine.

Kwa leo tuishie hapo. Kazi njema.